Ndoo Chini ya Sinki

Kusimulia haya naona aibu hata sasa. Wanunuzi binafsi wa pamba walipoingia Bariadi, kinu chetu cha ushirika kilipunguza watu, na mimi, fundi mitambo, nikapewa barua. Nyumbani sikusema. Niliifunga kwenye mfuko wa nailoni, nikaificha nyuma ya bomba la sinki, na kila asubuhi nikaendelea kuvaa ovaroli na kuondoka.

Jumapili moja sinki likaziba. Mke wangu, Mama Kulwa, akataka kuita fundi. Fundi angeikuta barua.

"Fundi gani tena, na mimi nipo?" nikafoka.

Akasimama pembeni kunitazama, nikakosa nafasi ya kuutoa mfuko. Nikafungua lile bomba kuukuu, nikakinga maji machafu kwenye ndoo, nikazibua. Kisha, kwa ufundi wangu wote, nikayamwaga maji yaleyale kwenye sinki, bomba likiwa bado wazi.

Yakatumwagikia miguuni, yakausukuma mfuko hadi mbele yake. Akaufungua, akaisoma barua, akatazama tarehe.

"Baba Kulwa," akasema polepole, "mwezi mzima nakufungia matobolwa ya viazi ya kula kazini. Huwa unakwenda kuyalia wapi?"