Mume wa Bibi

Mlango ulipofunguliwa, Mama hakunitazama mimi. Alimtazama mwanangu wa kiume, mtoto wa miaka sita aliyesimama na begi mgongoni, akamshika mashavu kwa mikono yote miwili, akasema, "Mume wangu! Ulikuwa wapi siku zote hizi?"

Kaka yangu, aliyetupokea stesheni na kutupandisha ngazi mpaka ghorofa ya tatu, akacheka mpaka akakohoa. Mimi pia nilicheka. Nani asiyejua kwamba bibi na mjukuu wake wa kiume ni mke na mume? Ndivyo tulivyokua hapa Kariakoo. Bibi anamdai mjukuu kanga ya Idi, mjukuu anamwambia bibi pilau yako haina chumvi nakuacha, na nyumba nzima hoi. Wanangu tu ndio hawakuyajua haya. Wamezaliwa Dodoma, bibi yao wa upande wa baba alifariki kabla hawajazaliwa, na mimi nilikuwa nimemaliza miaka miwili bila kuwaleta. Ndiyo maana likizo hii nilifunga mabegi, nikamwacha mume wangu na kazi zake, nikasema tunaenda Kariakoo. Nilitaka wamjue bibi yao, na yeye awajue, angali ana nguvu zake.

"Mama," mtoto akaninong'oneza, "kwani mimi nina mke?"

"Unaye, ndiye huyo. Msalimie."

"Shikamoo mke wangu," akasema, na hapo hata Mama akacheka.

Binti yangu wa miaka minne naye akaitwa mke mwenza, akaambiwa ajihadhari, nyumba hii haina nafasi ya wanawake wawili. Kisha Mama akanigeukia mimi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanipa mkono. Mkono tu, wala hakunikumbatia.

"Karibu mgeni," akasema. "Pole na safari."

Mgeni! Nikajiambia ananisuta. Miaka miwili si michache, na simu za Jumapili hazimtoshi mzazi. Nikaingiza mabegi.

Mchana wifi yangu, mke wa kaka, alitandika mkeka akaleta wali wa nazi na changu waliotoka soko la samaki la Feri asubuhi ile. Mama alimwekea mwanangu samaki mkubwa kuliko wa kaka, akamtolea miiba, halafu akamuuliza, "Leo godauni mlipakua nini?"

Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa msimamizi wa godauni la vitambaa hapo Msimbazi, na mwanangu tulimpa jina lake. Kwa hiyo utani ulikaa mahali pake kabisa.

"Magari," mtoto akajibu. "Na simba mmoja."

Mama akatikisa kichwa taratibu. "Utachoka. Kula."

Kaka na mkewe hawana mbavu. Mimi nilikuwa natafuna huku namtazama Mama usoni, maana mtu akitania, macho yake lazima yacheke kidogo, na ya Mama hayakucheka. Akamwinamia mtoto akashusha sauti, ila sote tulimsikia: "Na huyu mwanamke uliyekuja naye ni nani? Analala wapi?"

Kaka akapiga paja. "Wee Mama wewe!"

Hapo ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa. Mama hanitanii mimi. Si kwamba ni mkali, ndivyo mambo yalivyo: utani ni wa bibi na wajukuu wake. Mama na binti aliyemzaa wanaheshimiana, hawaulizani habari za kulala wala hawaitani wake wenza. Tangu nipate akili hajawahi kunitupia neno la namna hiyo. Sasa leo vipi? Uzee umemlegeza ulimi? Ananikomoa kwa kukaa mbali? Au kuna kitu kingine? Hicho kingine sikutaka hata kukifikiria mpaka mwisho.

Kesho yake nikamwomba tutoke wote kununua ndala za watoto. Nilitaka nimwangalie akiwa nje. Basi jamani, mama yule alinitoa jasho! Kariakoo ya sasa kila kiwanja kimeota ghorofa. Hata hilo wanaloishi limesimama palipokuwa na nyumba yetu ya vyumba sita. Kaka alikubaliana na mjenzi, tukapewa makazi ya juu na maduka yakabaki chini. Mimi niliyezaliwa mtaa huo nilipotea kona ya pili tu. Mama ndiye aliyenivuta gauni: "Huku." Alikuwa amemshika mume wake mkono, anapita katikati ya mikokoteni na wabeba mizigo bila wasiwasi wowote. Kwenye duka la kanga la mzee mmoja wa Kiarabu, alimuuliza kama mguu wa dada yake umepona, akakataa doti ya kwanza kwa sababu nyekundu ile itachuja, akakataa ya pili kwa sababu anayo, akachukua ya tatu.

Nikajiona mjinga. Mtu anakumbuka mguu wa dada wa watu, mimi namwazia mabaya!

"Mume wangu atalipa," akamwambia mzee. Mzee akacheka, vijana wake wakacheka. Nikafungua pochi. Mama akanidaka mkono, na alinibana kweli.

"Sitaki nguo yako," akasema. Akairudisha doti mezani, akatoka na mtoto.

"Umemuudhi nini mama yako?" mzee akaniuliza.

"Hata sijui," nikamjibu. Nilitamani yeye aniambie.

Tuliporudi nilimsubiri Mama aingie chumbani na mtoto, nikamkabili kaka sebuleni. "Mama anaumwa."

"Anaumwa nini? Presha yake nzuri kuliko yangu."

"Hanijui, kaka. Mama hanijui."

"Ebo! Umekaa na watu wa ofisini Dodoma mpaka utani umekutoka? Mama ni yule yule, kila siku anatuvunja mbavu. Juzi kamuuliza wifi yako ameajiriwa lini humu ndani."

"Na wifi akasema nini?"

Kaka akasita. "Akacheka."

Nikamgeukia wifi. Alikuwa kwenye mbuzi anakuna nazi, hakuinua uso. Kifuu kilishakwisha nyama, yeye bado anakuna.

"Mimi nacheka kwa sababu na nyinyi mnacheka," akasema.

Kaka akasema hataki uchuro nyumbani kwake, akavaa viatu akatoka. Nikabaki na hasira zangu. Mimi ni mtu wa hasira, sifichi. Nikiogopa ndiyo nakasirika zaidi, na siku ile niliogopa sana. Nikaona bora nijue moja. Kama Mama anatania, na mimi nitamtania mpaka ashindwe, acheke, anipige kofi la bega na kuniita jina langu. Akishaniita, basi, aniite na mke mwenza mpaka nirudi Dodoma, sitajali. Nilihitaji jina langu tu litoke kinywani mwake.

Nikaingia chumbani. Alikuwa amekaa kitandani, mwanangu yuko sakafuni anapanga vigari vyake. Nikashika kiuno.

"Haya bibi wee, nimechoka kufichwa. Ndiyo mimi mke mwenzio. Nimekuja na mabegi yangu, nimehamia. Chumba hiki nakitaka. Wewe nenda kalale jikoni."

Nikangoja acheke.

Baba alikuwa na mke mwingine, Temeke. Sisi watoto tulilijua hilo msibani kwake, alipoingia mama mmoja tusiyemfahamu akakaa pembeni akalia kuliko wote. Mama hakuwahi kulizungumza na sisi hatukumuuliza. Sijui akili yangu ilikuwa wapi siku ile nikasahau jambo kama hilo.

Mama alisimama. Akakaza kanga kiunoni, akavuta begi uvunguni mwa kitanda, akaanza kukunja nguo zake. Alizikunja vizuri, pembe kwa pembe, machozi yanamtiririka wala hayafuti.

"Nilijua," akamwambia mwanangu. "Nilikuomba kitu kimoja tu. Usimlete hapa."

Mtoto akanitazama, midomo inamtetemeka. "Mama, mimi sijaleta mtu."

"Hujakosea, baba," nikamwambia. Kisha nikamfuata Mama. "Mama, acha kukunja. Nilikuwa natania. Ni mimi, mwanao." Nikamtajia jina langu. Nikalitaja tena kwa sauti zaidi.

Jina lile lilimsimamisha. Akaacha nguo, akageuka, na kwa mara ya kwanza tangu tufike akanitazama usoni sawasawa.

"Umemjuaje mwanangu?" akauliza.



Akanisogelea akanishika mikono yote miwili. Mama yangu, ambaye sijawahi kumwona akimbembeleza mtu, alikuwa ananibembeleza mimi. "Dada yangu, nakuomba. Chukua chumba, chukua na kitanda, sina ugomvi na wewe. Ila yule mtoto hajui lolote. Anampenda sana baba yake, sitaki ajue. Akitoka shule mwambie wewe ni ndugu wa baba yake, umekuja mara moja." Akafikiri kidogo, akaongeza, "Na akikufokea usimjibu. Ana hasira yule, akiogopa tu anakasirika. Mimi nimeshamzoea. Ukimwacha kidogo inaisha, anakuja mwenyewe kukulalia mapajani."

Nikakaa kitandani. Nikamwambia sawa, sitamwambia. Nikamwambia na nguo azirudishe, hakuna anayehama. Alinitazama kama anayepima kama mimi ni mtu wa kuaminiwa, halafu akakaa kando yangu, akajifuta uso kwa pindo la kanga.

"Anatoka saa ngapi?" nikamuuliza.

"Ilikuwa awe ameshafika," akasema, macho yake yakiwa mlangoni. "Akichelewa huwa sili."

Nikamwambia tutamsubiri wote.