Mafuta ya Jumamosi

Tulipoachana, baba wa binti yangu alitangaza mpaka kanisani kwamba Jumamosi ni zamu yake, eti mtoto lazima amjue baba. Jumamosi ya kwanza, jioni, akamrudisha miguu iking'aa mafuta, na majirani wakamsifu. Nilipomwogesha, maji yakawa tope linalonuka omena, wale dagaa wa ziwani.

"Mlienda wapi na baba?"

"Aliniacha kwa nyanya, mama yake, anapouza omena sokoni Otonglo. Jioni akaja, akanipaka mafuta."

Jumamosi iliyofuata nilimngoja mlangoni na kopo la mafuta.

"Shika, mzee, ya siku za kumwacha sokoni. Siku utakayokaa naye wewe mwenyewe, mrudishe na vumbi lake."

Alicheka tu, akalitia mfukoni. Binti yangu, aliyevaa viatu tangu alfajiri akimngoja, alikuwa ameshamshika mkono.