Mwanamke Aliyeomba Moto Nyololo

Ningekuwa natunga, ningejitungia mwisho mwingine. Nakuambia mapema ili usinikatize katikati kuniuliza kama haya ni kweli. Ni kweli. Yalinikuta mimi mwenyewe, nikiwa na akili zangu timamu, sijanywa hata funda moja la ulanzi.

Miaka ile ya sabini nilikuwa fundi umeme wa magari pale Mbeya. Betri, dainamo, starta, hizo ndizo zilizonipa ugali. Siku moja dereva wa lori akaniletea salamu za Mama Nyigu, nesi mstaafu aliyewahi kufanya kazi Mbeya na ambaye alinihangaikia sana nilipougua homa ya matumbo. Sasa alikuwa akiishi Mufindi, ndani kidogo ukitokea Nyololo, jirani na mashamba ya chai. Binti yake alikuwa amefariki akijifungua. Mtoto, wa kike, alizaliwa kabla ya wakati, na bibi yake alikuwa akimlea ndani ya sanduku la mbao lenye balbu za kumpasha joto. Ujumbe wenyewe ulikuwa mfupi: umeme unasumbua, betri za akiba hazikai, njoo kabla mtoto hajanifia.

Mke wangu Tusajigwe alikuwa na mimba ya miezi saba, nikasita kwenda. Yeye ndiye aliyenisukuma.

"Nenda bwana," alisema. "Mimi nipo na mama yangu hapa. Yule hana mtu."

Akachukua kiberiti dirishani jikoni, akanitilia mfukoni mwa koti, maana alijua bila sigara mimi si mtu. Kikumbuke hicho kiberiti.

Sasa nikueleze kidogo mambo ya kazi, usichoke. Nyumba ya Mama Nyigu ilipata umeme kutoka kwenye mtambo mdogo wa shambani. Ndani ya sanduku la mtoto kulikuwa na balbu mbili za umeme huo, na pembeni balbu mbili za taa za lori, za akiba, zilizounganishwa na betri mbili kubwa. Umeme ukipungua, swichi ya sumaku ukutani inagonga, tak, na betri zinachukua kazi. Umeme ukirudi, inagonga tena, na chaja inazijaza betri. Mpango mzuri kabisa, fundi aliyeufunga hakuwa mjinga.

Tatizo lilikuwa kwamba umeme haukuwa unakatika. Ungekatika ningejua la kufanya. Ulikuwa unazama. Taa inafifia kidogo, inabaki hivyo, inarudi, inazama tena. Kila ukizama betri zinafanya kazi, na kabla hazijajaa unazama upya. Kila jioni betri zilichoka, balbu za lori zikawa nyekundu kama kaa linalokufa, na Mama Nyigu akamtoa mtoto sandukuni na kumweka kifuani mwake, ndani ya sweta mbili, mpaka asubuhi. Mwanamke mzima alikuwa amekonda kwa kukosa usingizi.

Nilimwona yule mtoto nilipofika. Niamini, mkono wake wote ulikuwa kama kidole changu hiki. Kitovu kilikuwa bado hakijadondoka. Niliona huruma ambayo sijui niielezeje, labda kwa sababu nilikuwa na wangu njiani.

Nikaanza kazi. Nilipima asidi ya betri, ilikuwa dhaifu lakini si mbovu. Nikasafisha vichwa vya betri kwa maji ya moto, nikakaza nyaya, nikafungua chaja, nikaona haina kosa. Nikapanda kwenye nguzo na baridi ile ya Mufindi, vidole vimekufa ganzi, nikakaza maungio yote. Nikaenda mpaka shambani kuuliza kama kuna mashine inawashwa jioni. Wakanihakikishia kwamba jioni mashine zimelala. Nikarudi nikazima kila kitu ndani ya nyumba, pasi, jiko, redio, zikabaki balbu za mtoto tu. Kitu gani kingine kingeweza kula umeme?

Jioni nikafunga mita yangu ukutani karibu na mlango wa jikoni, nikaketi kwenye kigoda nikiutazama mshale. Mshale ulitulia. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka dirishani. Mara nikasikia hodi mlango wa nyuma, taratibu, ya mtu mwenye adabu. Mshale ukaanguka. Ukutani, tak.

"Kamwene," ilisalimu kwa Kihehe sauti ya mwanamke huko nje. "Mama, naomba moto."

Mama Nyigu hakufungua. Alijibu kupitia mlangoni, bila hasira, kama mtu aliyezoea.

"Kamwene. Nisamehe mwenzangu, nyumba ina kichanga. Moto hautoki."

Mshale umebaki chini. Kisha tukasikia nyayo zikiondoka kwenye nyasi, na mshale ukapanda wenyewe. Nikamuuliza Mama Nyigu yule ni nani. Akasema hamjui, huenda ni mmoja wa waliohamia kijijini, huja kila jioni kuomba moto, wakati mwingine mara nne, tano. Na kwa mila ya kwao Wahehe moto hautoki nyumba yenye mtoto ambaye kitovu hakijadondoka. Ukiutoa, umetoa na joto la mtoto.

"Hata kwetu Unyakyusa wazee husema hivyo," nilimwambia, nikacheka kidogo. Mimi mtu wa mita bwana, mambo ya wazee niliyaachia wazee.

Lakini alipogonga mara ya pili mshale ukaanguka tena. Mara ya tatu hivyo hivyo. Hapo kicheko kikaniisha. Mwambie fundi yeyote kwamba umeme unazama kwa sababu kuna mtu amesimama mlangoni, atakuuliza umekula nini. Mimi nilikuwa nimeukodolea macho mshale wangu mwenyewe! Na ndani ya sanduku balbu za lori zilishaanza kuwa nyekundu, na mtoto alikuwa ameacha kuchezesha miguu. Mama Nyigu akamtoa, akamweka kifuani, akaanza kusali kwa Kihehe.

Nikasema, kama ni moto anaoutaka, si nimpe tu wangu aende zake? Mfukoni nina kiberiti, na kiberiti hiki si cha nyumba hii. Niliona nimepata dawa. Nilijiona mjanja, nakuapia.

Nikatoka.

Alikuwa amesimama hatua chache kutoka mlangoni, mwembamba, mtoto mgongoni amefunikwa mpaka kichwa. Mikononi alishika kigae cha chungu, kile cha kubebea makaa. Kanga yake ilikuwa inachuruzika maji, na ulikuwa wakati wa kiangazi, mvua hatujaiona wiki nyingi. Lakini hilo silo lililonitia hofu. Kule Mufindi jioni kila mtu anayepumua hutoa mvuke mdomoni. Mimi nilikuwa natoa mvuke kama birika. Alipofungua mdomo kusema, hakikutoka kitu.

"Baba, naomba moto. Mtoto wangu amepoa."

Ningekimbia. Wewe ungefanyaje? Lakini nyuma yangu nilisikia mshale wa mita ukigonga chini kabisa, na nikamkumbuka yule wa kwenye sanduku. Nikaokota magome makavu ya miti chini ya ukingo wa bati, nikayaweka kwenye kigae, nikawasha kiberiti. Njiti mbili zikavunjika. Ya tatu ikashika.

Aliutazama ule moto kwa namna ambayo ilinifanya nimwonee uchungu, na nasema hivi mpaka leo, pamoja na yote.

"Moto huu unatoka nyumba gani, baba?"

"Kwangu," nikamjibu. "Mbeya. Si wa hapa."

"Nyumbani umeacha nani?"

"Mke wangu na mama yake. Hakuna mtoto."

Akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza.

"Yupo," alisema. "Asante, baba."

Akageuka akaingia kwenye ukungu. Akiwa amekwenda hatua chache nikasikia mtoto wa mgongoni mwake akilia. Kilio kizuri, cha mtoto mwenye nguvu zake. Nikarudi ndani mbio, mshale ulikuwa umesimama juu, umetulia kama umeshonewa pale. Balbu zote za sanduku zinawaka nyeupe. Mama Nyigu akamrudisha mjukuu wake ndani, na baada ya muda vile vimiguu vikaanza kucheza. Tulishikana mikono tukacheka kama wehu.

Ndipo nikamsimulia nilichokiona nje: kanga iliyolowa, kigae, mtoto mgongoni. Kicheko kikamkatika, akaketi chini. Akasema miaka ya kuhamia vijijini, kuna mama alihama na kichanga, mvua ikawakuta njiani, wakafika mahali pale nyumba hazijaezekwa na kuni zimelowa. Akazunguka kwa waliotangulia akiomba moto. Nyumba ya kwanza ilikuwa na kichanga, wakamwambia hautoki. Ya pili nayo vilevile. Hakuna aliyekuwa na roho mbaya, kila mmoja alimlinda wa kwake. Kulipokucha wakamkuta ameegemea ukuta, yeye na mtoto, wamekauka kwa baridi, kigae kikiwa mapajani.

"Moto uliompa umetoka wapi?" akaniuliza.

Nilimwambia. Aliniletea koti langu, akasema nitafute lori la kwanza litakalopita.

Nilifika Mbeya kesho yake mchana. Kutoka barabarani niliona watu wameketi uani kwangu, wanawake upande mmoja, wanaume upande mwingine, wamenyamaza, na nikajua. Tusajigwe alikuwa ameshikwa na uchungu ghafla siku ile ile asubuhi, nikiwa juu ya nguzo Mufindi. Mchana alizaa mtoto wa kike, mdogo lakini mzima, analia. Mama mkwe alinieleza kwamba mpaka jioni alikuwa ananyonya. Kisha akaanza kupoa, wakamfunika, akazidi kupoa. Wakataka kuwasha mkaa. Kiberiti kipya, kikavu, kila njiti iliwaka ikazima, iliwaka ikazima, mpaka boksi likaisha. Wakakimbilia kwa jirani kuchukua makaa, waliporudi nayo mtoto alikuwa ameshakwenda.

Mafundi wenzangu niliowasimulia wanasema umeme ulitulia kwa sababu ya nyaya nilizozikaza kwenye nguzo, na wale watoto wa miezi saba, wengi hawakai. Huenda. Mimi sibishani nao, natamani wangekuwa wanasema kweli.

Mke wangu nilimweleza yote baada ya arobaini. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza jambo moja tu.

"Huyo wa mgongoni alilia?"

"Alilia."

Akalia na yeye, sana, halafu akainuka akaenda kupika. Tumeishi pamoja miaka mingi tangu hapo, tukapata watoto wengine, na hajawahi tena kunipa kiberiti mkononi. Anakiweka mezani, nakichukua mwenyewe. Sigara niliacha.

Yule wa kwenye sanduku alikua. Anaitwa Twilumba, ni mama mtu mzima, na akija Mbeya hulala kwetu. Huniita baba. Nampenda, na kila nikimwona natafuta kwenye uso wake mtu ambaye sikupata kumwona. Tusajigwe humkumbatia kwa muda mrefu kupita kawaida, na Twilumba hajui kwa nini, hajaambiwa.

Majirani wanatuita wachoyo kwa sababu hapa kwetu moto hautoki. Waache waseme. Na wewe unayenisikiliza, usidhani mfuko wa koti lako si nyumba yako kwa kuwa uko mbali nayo. Ukiombwa moto jioni ugenini, kwanza tuma mtu akaulize nyumbani kwako kuna nani. Mimi nilijibu kwamba hakuna mtoto, na wakati nasema hivyo, Mbeya, mama yake alikuwa anamtafutia jina.