Nilivyomlainisha Mlinzi wa Lango

Nina steshenari ndogo hapa Bombambili, na tangu Jumapili nikimwona Mwalimu Sabina kwa mbali nabadilisha njia.

Mwalimu huyu mstaafu aliniletea riwaya yake niichape kwenye kompyuta. Humo dunia imeungua, chakula kimebaki ndani ya ngome moja, na mlinzi wa lango, mzungu, anawafukuza watu weusi wakafie nje. Matusi ya yule mlinzi yalinichefua. Eti nyani! Nikaona mama wa watu, mtu wa kanisani, atasemwa vibaya mjini. Basi, kimyakimya, kila palipokuwa na tusi nikaweka maneno ya heshima. Nilijiona mwema kuliko malaika.

Mwalimu aliniamini, hakuipitia tena. Jumapili akaisoma ukumbini parokiani, watu wamejaa, maana walishaanza kuibishania kabla ya kuisikia. Mimi nilikaa mbele kabisa.

"Poleni na safari, ndugu zangu," Mwalimu akasoma maneno ya mlinzi. "Samahani sana, nafasi zimejaa."

Papo hapo shujaa wa kitabu akamchoma mkuki. Nikapiga makofi, peke yangu.

"Jamani, mzungu wa watu!" bibi mmoja akasikitika nyuma yangu. "Kawakosea nini?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mwalimu akarudi kurasa za nyuma, akasoma tena kimoyomoyo. Kisha akanitazama.

"Mwanangu," akasema taratibu, "maneno yale niliambiwa mimi mwenyewe. Umeyapeleka wapi?"