Nia ya Kumwosha Jirani

Miaka ile ya gesi, wanawake wa mtaa wetu karibu wote walikwenda Afungi, kwenye kambi ya kampuni, ndani ya ua wa waya, kupika na kufua. Mchana mji wetu wa Palma ulinyamaza hata nikadhani nasikia majivu yakitua jikoni. Ndege zilipita juu, nami nikikaa kibarazani macho wazi, nimelala.

Ndivyo alivyonikuta binti wa jirani, kichwa wazi, miguu pekupeku.

"Mama mdogo, mama katutoka. Waosha wote wapo Afungi. Umebaki wewe."

Jirani huyo nilikuwa sisemi naye. Tulikua pamoja, tukiokota kombe maji yakitoka ghubani Tungue, tukiazimana kanga. Lakini mama yangu alipofariki, hakuja. Alikuwa huko huko Afungi, akaogopa kazi itamponyoka, akaleta pole kwa simu. Kwa simu! Mtu aliyekula chungu kimoja na sisi! Nilimchukia, na sioni haya kusema.

Ila chuoni tulifundishwa kwamba kumwosha maiti ni faradhi ya mji mzima: akitokea mmoja akaifanya, wote wamesalimika, asipotokea hata mmoja, wote wana dhambi. Siku hiyo mji ulikuwa mimi. Nikajifunga kanga, nikaenda.

Kabla ya kumimina maji hutiwa nia. Nikasimama na kata mkononi, nikaitafuta nia moyoni, nikakuta hasira tu. Je, maji ya mwenye kinyongo yanamtakasa mtu? Au ingekuwa heri nimwache, nisimwoshe kwa unafiki? Jua halikungoja nimalize kuwaza. Nikasema kimoyomoyo: namwosha kwa ajili ya Mungu, si kwa ajili yake. Nikaridhika. Tena nikafurahi kidogo kwamba sikumpa chochote cha kwangu.

Baada ya hapo mambo yalinijia kama ndotoni. Moshi wa udi, harufu ya majani ya mkunazi, vijipande vya mwanga vilivyopenya makuti vikitembea juu ya shuka. Nikaanza kumwosha upande wa kulia, nikaenda wa kushoto. Mkono wake ulikuwa mzito, nao niliujua. Mengine ya mwili wake si ya kusemwa.

Binti akaleta ndoo. Nikatia kiwiko, nikamwambia airudishe jikoni, aongeze ya moto. Akaileta tena, nikatia kiwiko, nikamrudisha tena.

Mara ya tatu akasimama nayo mlangoni.

"Mama mdogo, si mwalimu kasema maji ya baridi ndiyo bora kwa maiti?"

"Najua."

"Sasa haya ya moto ya nini?"

"Mama yako baridi haiwezi," nikamwambia, nikalia mpaka ikabidi yeye ashike kata.