Swali la Kuondokea

Siku yangu ya kwanza kazini niliteremka melini Nansio nikiwa na viatu vipya vilivyonitoa malengelenge, sanduku la bati, na barua ya kupangiwa kituo. Nilikuwa nimeomba mbali, Tanga au Iringa, na mimi nikaone dunia. Wizara ikanirudisha Ukerewe, nyumbani, ambako kila mzazi alinifahamu tangu nikiwa sijui kupenga kamasi. Nilinuna wiki nzima. Mkuu wa Shule, mzee mwembamba wa kaptula ya kaki na soksi ndefu, hakujali kununa kwangu.

"Unajua kufundisha?" aliniuliza kabla hata sijakaa.

"Nimesomea hisabati chuoni, Mkuu."

"Sikukuuliza ulichosomea."

Mzee yule alinifundisha kazi upya. Azimio la kazi, yaani mpango wa kufundisha muhula mzima, alilisoma mstari kwa mstari. Andalio la somo, ule mpango wa kipindi kimoja, alilidai kila asubuhi, na ukija bila andalio aliingia darasani na kukaa dawati la nyuma mpaka kipindi kiishe, kimya, jambo lililokuwa baya kuliko kukaripiwa. Lakini lililonikaa moyoni ni lile la nusu muhula.

Ninyi mnaosoma jarida hili mnakwenda likizo ya nusu muhula kwa simu na nauli mkononi, na mkichelewa kurudi mzazi anapigiwa. Sisi hatukuwa na hayo. Mwanafunzi wa bweni akishapita getini, alikuwa mali ya nyumbani kwao. Huyu alibakizwa kuchuma pamba, yule kuuguza bibi, mwingine alionja tu mchuzi wa mama yake akaona shule ni mateso. Mkuu akaniambia: "Usimwage masomo yote kabla hawajaondoka. Mtoto aliyebeba jibu harudi. Mbebeshe swali."

Basi nikajifunza swali la kuondokea. Ijumaa ya kufunga niliandika ubaoni swali moja gumu, nikakataa kulijibu. Jibu lilitolewa Jumatatu ya kurudi, kwa waliorudi. Hisabati tulifundisha kwa Kiingereza, lakini swali hilo niliandika kwa Kiswahili, ili mtoto aweze kumtegea hata baba yake jioni wakiota moto. Wako waliorudi kwa sababu ya swali tu. Msicheke, ndivyo ilivyokuwa.

Nansio nilikaa miaka kadhaa, nikahamishiwa upande wa Sengerema, ng'ambo ya kivuko cha Kigongo. Mkuu wa huko alipenda shamba kuliko ubao. Shule nzima tulilima mihogo, walimu kwa wanafunzi, na siku mkaguzi alipofika alitukuta sote tumeinama matutani. Mkuu akamwambia, "Karibu darasani, afande." Nilicheka huko kwa mara ya mwisho kwa muda mrefu, maana kutoka hapo nililetwa hapa Mwanza, shule yenu hii juu ya mawe, nikapewa umwalimu wa taaluma. Miaka ya tisini ilikuwa imeanza.

Mwalimu wa taaluma ndiye mwenye ratiba, mitihani na matokeo. Ndiye pia aliyetoa taarifa ya nusu muhula, babu wa jarida hili lenu. Ilichapwa kwenye stensili, karatasi ya nta ambayo taipureta iliitoboa herufi kwa herufi bila utepe. Ukikosea unaziba kwa dawa nyekundu, unapuliza, unarudia. Kisha stensili inavishwa kwenye mashine ya kudurufu, unazungusha mkono, na wino unakuingia mpaka kwenye kucha. Tuliandika nani kaongoza, bweni gani chafu, timu ya mpira imefungwa ngapi pale uwanja wa Kirumba. Na ukurasa wa mwisho ulikuwa wa Waliotangulia: habari za wanafunzi waliomaliza na kazi walizopata. Mmoja wao alialikwa kuzungumza siku ya kufunga, mbele ya wazazi waliofuata watoto, na mzazi yeyote aliruhusiwa kumuuliza swali.

Zamani ukurasa ule ulijaa. Mtoto alimaliza kidato cha nne na kazi inamngoja: reli, bandari, benki, viwanda vya pamba. Halafu likaja soko huria. Mitumba ikajaa sokoni, kiwanda cha nguo kikapunguza watu, kisha kikafunga mlango. Serikali ikaacha kuajiri. Kila muhula nilizunguka mjini kutafuta habari njema za kuchapa, na kila muhula ukurasa ulizidi kuwa mweupe. Kilichokuwa kinanawiri ni sangara. Viwanda vya minofu viliota ufukweni, samaki akikatwa, nyama yake inapanda ndege kwenda Ulaya, na sisi tunabakiziwa mapanki, yaani kichwa na mifupa. Pale Mwaloni, soko la samaki la ufukweni, watu walikausha mapanki, wakayakaanga, wakala. Harufu yake ilipanda mpaka madarasani, na nilifundisha mlinganyo huku nimeziba pua.

Katika kidato cha nne nilikuwa na binti mmoja wa Kijita, Nyangeta. Alikuwa mrefu, mkimya, na katika hisabati sijapata mwingine kama yeye, si kabla wala baadaye. Nikiandika swali, wenzake walitazama ubao, yeye alitazama dirishani, kisha akaandika jibu. Baba yake, Mzee Magesa, alikuwa mvuvi wa upande wa Majita. Mapema muhula ule alinifuata ofisini, kofia mkononi.

"Mwalimu, nimepata mtu wa kumwingiza binti yangu kiwanda cha minofu. Wanachukua wasichana sasa hivi. Nina wadogo zake wanne, na nyavu zangu zimeibwa."

"Baba Nyangeta, mtihani wa taifa ni mwaka huu huu. Mwache amalize."

"Amalize apate nini? Mimi si mbishi. Nionyeshe mtu mmoja aliyesoma hapa, ambaye leo elimu inamlisha. Mmoja tu. Nikimwona, binti yangu simgusi."

Nikamwambia aje siku ya kufunga nusu muhula, atamwona. Nilikuwa na mtu wangu tayari. Masalu, kijana wa Kisukuma, alipita mikononi mwangu, akaenda chuo cha ufundi, akawa msimamizi wa zamu kwenye kiwanda kingine, cha kukamua mafuta ya pamba. Hicho kilikuwa bado kinanguruma.

Wiki ya kufunga Masalu alikuja nyumbani kwangu. Alikaa kwenye ukingo wa kiti.

"Shikamoo Madam."

"Marahaba. Mbona umekonda?"

"Wametupunguza, Madam. Mwezi wa pili sasa. Mwenye kiwanda mpya amekuja na watu wake."

Sikulala vizuri usiku ule. Asubuhi nilimweleza Mkuu wa Shule wa wakati huo, mtu wa tai na miwani, asiyependa sura ya shule ichafuke. Aliwaza kidogo, akasema, "Aje hivyo hivyo, avae ovaroli yake ya kazi. Azungumzie masomo. Hayo ya kupunguzwa asiyataje. Watoto wanataka moyo, hawataki taarifa ya habari."

Nilimpelekea Masalu ujumbe kama ulivyo. Nikamwambia na habari za Mzee Magesa na binti yake, asije akasimama pale bila kujua nini kinamtegemea. Nikasema, "Mimi nimefikisha. Ulimi ni wako."

Ijumaa asubuhi niliandika swali la kuondokea. Lilisema: mama mmoja alipeleka samaki sokoni. Mteja wa kwanza alinunua nusu ya samaki wote na nusu ya samaki mmoja zaidi. Wa pili akanunua nusu ya waliobaki na nusu ya samaki mmoja zaidi. Wa tatu vivyo hivyo, na samaki wakaisha. Mama hakukata samaki hata mmoja. Alipeleka wangapi? Nyangeta alitazama dirishani. Kengele ikalia kabla hajaandika kitu.

Mkutano ulifanyika bwaloni. Masalu alivaa ovaroli yake ya bluu, imefuliwa na kupigwa pasi. Alizungumza vizuri kuliko wote niliowahi kuwaalika, juu ya kusoma kwa koroboi, juu ya kutokata tamaa. Watoto walipiga makofi. Mkuu akatabasamu, akauliza kama kuna mzazi mwenye swali, na Mzee Magesa akasimama, kofia mkononi.

"Kijana, umenena vyema. Sasa niambie. Leo hii, unafanya kazi gani?"

Masalu alinitazama. Niliinamisha macho yangu, nisimsukume huku wala kule. Harufu ile ya Mwaloni ilikuwa inaingia madirishani kama kawaida yake.

"Nakausha mapanki, mzee wangu. Kiwandani wametupunguza."

Wanafunzi wa nyuma wakacheka, wakanyamazishwa. Masalu akaendelea, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Sijutii kusoma. Lakini najua unachouliza ni kama kunanilisha leo. Leo, hapana."

Mzee Magesa hakucheka. "Asante, mwanangu. Wengi wangenizungusha." Kisha akageuka walikokaa wasichana. "Nyangeta. Kachukue sanduku lako na vitu vyako vyote."

Niliwafuata mpaka getini. Mimi ni mtu wa maneno, hata mume wangu atawaambia, lakini siku hiyo nilikuwa na ombi moja tu. Nikasema, "Mzee, mwache apate cheti tu."

"Yule kijana hana cheti?"

"Anacho."

"Basi, Mwalimu. Aliyesoma na asiyesoma wamekutana pale pale kwenye mapanki. Mimi namwingiza wangu kabla nafasi hazijaisha." Hakusema kwa ubaya. Alinishukuru kwa kumlea mwanawe, akajitwisha sanduku. Nyangeta alinipa mkono bila kunitazama, wakateremka mlimani. Nililia nyuma ya stoo ya chakula, nikanawa, nikarudi kuaga wazazi wengine.

Mkuu aliufuta mwaliko wa Waliotangulia tangu siku hiyo, na ukurasa wao tukaujaza matokeo ya mpira. Masalu aliniambia hakuweza kudanganya mtu aliyeshika kofia mkononi. Sikumlaumu, na mpaka leo simlaumu. Baadaye alihamia Geita, na huko habari zake zikanipotea.

Jumamosi moja nilikwenda kwenye geti la kiwanda cha minofu saa ya kubadilishana zamu. Wasichana walitoka wamevaa viatu vya mpira, vidole vyao vimepauka kwa barafu. Nyangeta aliponiona alikuja mbio.

"Shikamoo Madam! Saba!"

"Saba nini?"

"Samaki wa yule mama. Nilianzia mwisho, pale alipoishiwa kabisa, nikarudi nyuma. Nusu ya samaki ilinisumbua, halafu nikaona ndiyo inayofanya asikate." Akaangalia mikono yake, akacheka kidogo. "Hakukata samaki hata mmoja, Madam. Na mimi nakata kutwa. Hata baba amelihangaikia hilo swali, jibu hajalipata, na mimi simwambii."

Nikamwambia ni sahihi. Jinsi uso wake ulivyong'aa pale getini, katikati ya uvundo ule, bado inaniuma.

"Basi niachie lingine," akasema.

Nikawa nakwenda. Nampa swali, nikirudi ananipa jibu, tumesimama hivyo hivyo, yeye na kofia yake nyeupe. Nilimshawishi ajiandikishe kufanya mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, akasema ataanza mambo yakikaa sawa. Kisha samaki wetu wakakataliwa huko Ulaya, viwanda vikakosa pa kuuza. Niliposhuka Jumamosi iliyofuata na swali langu, geti lilikuwa limefungwa kwa mnyororo. Mlinzi akasema wasichana wamerudishwa makwao, wengine wamevuka kwenda visiwani. Niliandika barua Majita, nikauliza wavuvi wa kule. Mzee Magesa alikuwa amehama na jamaa zake. Nyangeta sikumwona tena.

Nilifundisha mpaka nikastaafu, nikarudi Nansio, naishi na kuku na mume mkorofi. Mkuu wenu wa sasa ameniomba niandike maneno ya kuwatia moyo kwa ajili ya nusu muhula, na amefufua siku ya Waliotangulia. Ameniomba niwe mgeni Jumatatu mtakayorudi. Alisema niandike kitu cha kuchangamsha. Atanisamehe.

Sitawaahidi kazi. Swali la Mzee Magesa sijapata jibu lake, nami nimelibeba tangu siku ile, na mtu akiwaambia analo jibu rahisi, mtazameni vizuri. Ninachojua ni kwamba yule binti alikuwa na njaa ya kujua hata alipokuwa na mikono ya barafu, na aliondolewa kabla hajashiba. Ninyi bado mna kiti. Wakati mwingine nikisikia mnavyokichezea, nakasirika.

Swali nililompelekea Nyangeta Jumamosi ile ya geti kufungwa halijawahi kupewa mtu. Nawapa ninyi. Mtumbwi unakwenda kisiwani upepo ukiwa mbele yake, kilometa mbili kwa saa. Unarudi kwa njia ile ile, upepo nyuma, kilometa sita kwa saa. Wastani wa mwendo wake, kwenda na kurudi, ni kilometa ngapi kwa saa? Mtakimbilia kusema nne. Si nne. Mtegeeni na baba zenu.

Jumatatu nitapanda meli ya asubuhi. Jibu nitawapa watakaokuwa wamerudi.