Umeme wa Jumamosi

Nilifika Lubumbashi juu ya behewa la mizigo, nimekaa kwenye magunia ya mahindi ambayo hayakuwa yangu. Lakini safari yenyewe ilianza kwa miguu. Kwetu ni kaskazini mwa Katanga, karibu na mto Lualaba, na vita ilipofika ng'ambo ya mto mama alinifungia mihogo katika kitambaa akaniambia nifuate reli. "Reli haipotezi mtu," alisema. Treni zilikuwa zimekwisha kufa upande ule, na majani yalikuwa yameota kati ya vyuma mpaka magotini. Tulikuwa wengi njiani. Wako waliosukuma baiskeli zilizobeba wazazi wao, na alikuwapo mwalimu mmoja aliyetembea na kengele ya shule kichwani, hataki kuiacha. Tulilala katika stesheni ndogo ambazo wakuu wake bado walivaa kofia, ingawa hapakuwa na treni ya kuivalia. Kule Kamina, ambako treni zilikuwa bado zinatembea, nilisubiri mpaka nikachoka kusubiri, kisha nikapata kazi ya kupakia magunia. Malipo yangu yalikuwa ruhusa ya kukaa juu yake.

Nilikuwa kijana, nimesoma sekondari, na nilidhani mji wa shaba ungenipokea. Mji wenyewe ulikuwa unaanguka. Wafanyakazi wa migodi hawakuwa wamelipwa kwa muda mrefu. Baba wa nyumba alivaa nguo za kazi asubuhi, akatoka ili watoto wamwone anatoka, akaenda kukaa kwa rafiki mpaka jioni. Watu wa zamani waliiita Jumamosi siku ya posho, kwa sababu zamani kampuni iligawa unga siku hiyo. Jina lilibaki, unga ukaisha. Sheria moja tu ilijulikana na kila mtu, ile iliyoitwa kwa mzaha kifungu cha kumi na tano: kila mtu ajitafutie. Askari aliisoma kwa bunduki, karani aliisoma kwa mhuri.

Nilipata kazi Kenya. Si nchi ya Kenya. Ni komini, yaani kata, ya Lubumbashi yenye masoko, karakana na makanisa yaliyobanana. Tajiri wangu alikuwa mtu wa Kivu ya Kaskazini, mfanyabiashara wa jumla aliyekuwa na malori. Vita ilipoikata nchi vipande viwili, malori yalibaki upande wa kule pamoja na mke wake na watoto wake. Upande huu alibaki na vitu viwili: mashine ya kusaga mahindi, na kanisa. Kanisa lake lilikuwa la watu wanaoshika Sabato, naye alikuwa mmoja wa wazee wake. Watu wa kanisa hawakuwa washirika tu kwake. Ndio waliomuuguza alipopata malaria, ndio waliomwita shemeji na babu. Mimi ni Mkatoliki, na nilimwita Patron kama wafanyakazi wote wa mji ule walivyowaita matajiri wao.

Kila Ijumaa kabla ya jua kuzama Patron alizima mashine, akaipangusa kwa brashi, akafunika mota kwa shuka. Jumamosi hapakuwa na kazi. Mimi nilidhani ni desturi yake tu, nikalala.

Kisha kabini ya umeme ya mtaa, ile yenye transfoma, iliungua. Kampuni ilianza kugawa umeme kwa zamu, na zamu ya upande wetu ikawa Jumamosi, tangu asubuhi mpaka jioni. Siku nyingine giza. Mazuti, yaani dizeli ya jenereta, yote yalikwenda kwa wanajeshi. Unga uliotoka ng'ambo ya mpaka ulikuwa haupiti tena, na watu walikula mahindi ya mashamba yao madogo ya Annexe, pembezoni mwa mji. Mahindi yalikuwapo, ila hapakuwa na mahali pa kuyasaga. Waliokuwa na kinu cha mti walitwanga mpaka viganja vikachubuka. Wengine walichemsha punje nzima, na usiku ulisikia watoto wakilia tumbo.

Jumamosi ya kwanza umeme uliporudi, redio za mtaa mzima ziliwaka pamoja. Patron alipotoka kanisani na suti yake, alikuta akina mama wamejaa langoni na mabeseni.

"Papa, kuran iko, umeme umerudi! Fungula!"

"Mama, leo ni Sabato."

"Ile Sabato inakulaka bukari, ao haikulake?" Wakacheka; bukari ndiyo ugali wao.

Mama mmoja mnene, muuza mkaa, aliweka beseni chini. "Mungu alipumuzika ju alikuwa amemaliza kazi yake, papa. Shiye hatuyaanza hata kupika."

Patron hakucheka. Aliomba radhi, akapita katikati yao, akaingia ndani. Nilimfuata kwa hasira, nikamwambia Mungu gani huyu anayetaka watoto walale njaa. Alivua tai polepole, akasema, "Sijui, kijana. Kama ningejua, ningekuwa nje."

Kesho yake wazee watatu wa kanisa walikuja. Hawakuwa watu wabaya. Hata wao walikuwa na wajukuu. Mkubwa wao aliongea kwa sauti ya chini.

"Ndugu, weye uko na kijana Mukatoliki. Sabato haimuangalie. Ijumaa umuachie ufunguo, weye ukuye kanisa. Asaga, bantu bakula, na weye hauna kosa. Shiye hatutauliza."

Nilikuwa nafua magunia pembeni, nikafurahi. Jambo limeisha, nilijisemea.

Patron alitikisa kichwa kukataa. Halafu alisema, "Amri inahesabu. Inataja mwana, binti, mtumishi, ng'ombe. Mwisho inamtaja mgeni aliye ndani ya lango. Huyu kijana ametoka wapi? Analala kwa nani? Njo yeye huyo, mgeni wa amri. Amri haikusema mgeni atumike ili mimi nipumzike. Mungu alimfikiria yeye mbele ya mimi kumfikiria."

"Basi bantu bakule nini?" aliuliza mzee.

"Niachieni wiki hii nisome."

Wakaondoka. Mimi nilibaki na gunia mkononi, maji yanadondoka. Amri kumi nilizijua tangu katekisimu. Nilizijua kama orodha ya makosa ya kupeleka kwa padri. Sikuwahi kuona kwamba mahali fulani ndani yake kulikuwa na mimi, na kwamba sikuwa pale kama mkosaji. Njia nzima kutoka kwetu, kila mwenye nguvu aliyekutana nami alitumia mabega yangu. Leo nilikuwa nimekutana na mtu aliyekatazwa kuyatumia.

Wiki ile Patron hakula bukari. Alichemsha punje kama jirani zake, akazitafuna kwa meno yake mabovu, akasoma Maandiko mchana kwa sababu taa hazikuwapo. Ijumaa jioni aliniita.

"Wanafunzi wa Yesu walipita shambani siku ya Sabato, wakavunja masuke, wakala. Bwana hakuwafukuza."

"Ndiyo, Patron."

"Walikuwa na njaa. Lakini kati yao hakuna aliyepeleka yale masuke sokoni."

Sikumwelewa mpaka asubuhi. Alikwenda kanisani mapema, akasali, akarudi kabla ya mahubiri. Alivua koti la suti, akafungua lango, akapanda juu ya jiwe ili waliokuwa nyuma wamsikie.

"Leo hakuna kulipa. Siku hii si yangu, siwezi kuiuza. Mwenye njaa aingie. Mwenye kutaka unga wa biashara, angoje siku nyingine."

Kelele zilizopigwa pale zingezima redio zote. Kisha Patron alitoa kiti chake mwenyewe, kile chenye mto, akakiweka mlangoni.

"Weye ikala hapa."

"Mimi?"

"Njo siku yako, siku ya mgeni."

Nikakaa. Sijawahi kukaa vibaya kama siku ile. Patron alikuwa mtu wa malori na mahesabu. Mashine aliimiliki tu, hakuijua. Alimwaga mahindi kwa pupa, mkanda ukateleza, unga ukamrukia mpaka nyusi zikawa nyeupe. Akina mama walikufa kwa kicheko.

"Angalieni! Patron anatumika, mutumishi anapunga upepo!"

"Kijana, unataka tukuletee na chai?" aliuliza muuza mkaa.

Patron alikohoa, akafuta macho, akajaribu kurudisha mkanda kwa upande usio wake. Nikaogopa kwa ajili ya vidole vyake.

"Patron, nije?"

"Sikutumi."

"Najua hunitumi."

"Nikikutuma, nimevunja. Ukisimama, umesimama mwenyewe."

Nikasimama. Nikaweka mkanda mahali pake, na mashine ikaanza kuimba vizuri.

Nimelala katika miji mingi tangu hapo, na katika kila mji nimesikia wahubiri wakibishana kama sheria ya Musa imekwisha au haijaisha. Wengine wanaishika kama fimbo. Wengine wanaitupa kama nguo ya marehemu. Mimi si mwanateolojia. Najua tu kwamba sheria ndiyo iliyoniketisha kwenye kile kiti, na kitu kingine, ambacho hakuna awezaye kukiamuru, ndicho kilichoninyanyua. Bila kiti, kusimama kwangu kungekuwa kazi ya kibarua kama siku zote.

Tulifanya hivyo Jumamosi baada ya Jumamosi. Habari zilifika kanisani zikiwa zimeharibika kidogo: kwamba mzee wa kanisa amefungua biashara siku ya Sabato, na kwamba anamtumikisha mgeni. Walimwondoa kwenye benchi la wazee mpaka kesi yake isikilizwe. Aliendelea kwenda, akakaa nyuma kabisa karibu na mlango. Siku moja alirudi akasema watoto wa kanisa hawakumkimbilia kama zamani. Mtu ambaye familia yake iko nyuma ya mstari wa vita hana kanisa la pili la kwenda.

Kesi ilisikilizwa Jumapili mchana, nami nikaitwa. Mchungaji alikuwa mtu mpana mwenye sauti nyembamba.

"Kijana, alikutumikisha siku ya Sabato?"

"Hapana. Alinikalisha kwenye kiti."

"Na nani aliendesha mashine?"

"Yeye. Aliendesha vibaya, nikamhurumia."

"Alikulipa?"

"Hakulipa, na yeye hakulipwa. Ulizeni mtaa."

Mzee yule wa ufunguo alisema kazi ni kazi hata kama ni bure, na leo tukifungua mlango mdogo kesho ng'ombe atapita. Wengi walitikisa kichwa kukubali. Ndipo kiongozi wa akina mama aliomba neno.

"Pasteri, munatafuta nani alisaga. Tafuteni mbele nani alikula."

Mchungaji, bila kufikiri sana, akasema aliyekula unga wa mashine ile ainue mkono. Mkono mmoja uliinuka, kisha miwili, kisha benchi zima la akina mama. Mchungaji aliangalia mbele, na uso wake ukabadilika: mke wake naye ameinua.

"Hata kwetu?"

"Weye mwenyewe ulisema bukari iko laini, papa."

Hata Patron alicheka, na sikuwa nimemsikia akicheka tangu nimjue. Mchungaji alingoja kanisa litulie. Akasema Sabato inabaki Sabato, wala asisikie kesho kwamba mtu amefungua duka kwa jina la huruma. Lakini ndugu huyu hakuuza siku ya Bwana, aliigawa. Arudi kwenye benchi lake. Na Jumamosi ijayo, baada ya ibada, wenye nguvu waende kubeba mabeseni ya vikongwe. Mzee wa ufunguo hakupiga makofi. Lakini Jumamosi ile nilimwona na koti lake jeusi, amebeba beseni la bibi asiyemjua, unga umemmwagikia mabegani.

Miezi ilipita. Kabini ilitengenezwa, Patron akarudi kufunika mota kwa shuka siku ya Ijumaa, na hakuna aliyenung'unika. Mimi ndiye nisiyetulia. Niliposikia kuna treni inayokwenda kaskazini, miguu ilianza kuniwasha. Nilimuaga Jumapili, mashine ikiunguruma, foleni ikiwa ndefu, ikabidi nipige kelele sikioni mwake kwamba naondoka moja kwa moja.

Alinitazama, akapangusa mikono. "Amri inasema mgeni apumzike," alipiga kelele naye. "Haikusema abaki."

Kisha akamwita mama aliyefuata, akamsaidia kuinua beseni lake.